Satelaiti zinavyopima kiwanja, na kwa nini simu haitoshi

UKIENDA kununua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, si ajabu kuonyeshwa karatasi yenye tarakimu zilizosomwa kwa simu na kuelezwa kuwa eneo hilo tayari “limepimwa kwa GPS”. Kauli hiyo yaweza kuwa ya kweli, na bado isiulinde mpaka wako.

Mfumo wa GPS wa Marekani hutegemea satelaiti zisizopungua 24, zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja hutuma mawimbi ya redio yanayoeleza ilipo na wakati yalipoondoka. Kipokezi kilichopo ardhini hukokotoa muda ambao mawimbi yametumia njiani na kupata umbali. Huhitaji satelaiti nne: tatu kujua mahali kilipo, na ya nne kusahihisha saa yake. Urusi, Ulaya na China nazo zina mifumo yao, na vipokezi vingi vya sasa husoma yote kwa pamoja.

Ugumu upo kwenye muda. Mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Aidha, tabaka za anga huyachelewesha na kuta za majengo huyapotosha. Ndiyo maana simu ya mkononi, hata ikiwa mahali peupe, hukosea kwa takriban mita tano. Kwa dereva anayetafuta mtaa, hilo si tatizo. Kwa mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, mita tano ni robo ya upana wake.

Wapima ardhi hupunguza kosa hilo kwa kutumia vipokezi viwili. Cha kwanza husimikwa juu ya alama ya upimaji ambayo mahali pake panajulikana kwa uhakika. Cha pili hubebwa juu ya fimbo, kona baada ya kona. Kwa kuwa viko karibu, mawimbi yanayovifikia hupita katika anga ileile na kucheleweshwa kwa kiasi kinachokaribiana. Kipokezi cha kwanza, kikijua kilipo, hubaini kosa la wakati huo na kukirushia cha pili marekebisho kwa redio au kwa mtandao wa simu. Kosa hushuka hadi sentimita chache. Hata hivyo, chini ya miti mikubwa au katikati ya majengo marefu mpima hulazimika kurudia vyombo vya kulenga kwa macho.

Usahihi huo nao wahitaji mfumo sahihi wa ramani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Alama ileile ikiandikwa kwa mifumo hiyo miwili, tarakimu zake hutofautiana kwa takriban mita 300. Mtu akizichanganya, kiwanja chake huangukia mtaa mwingine. Kwa sababu hiyo Tanzania iliandaa mfumo mpya wa TAREF11, unaooana na vipimo vya satelaiti.

Si kila kazi inayodai sentimita. Katika vijiji vya Iringa, mradi wa MAST ulioanza mwaka 2014 ulitumia simu kuchora mipaka ya mashamba kwa ajili ya hati za kimila. Huko, majirani hupita mpakani pamoja na kukubaliana, na makubaliano hayo ndiyo uzito wa kipimo.

Mjini, sheria hudai zaidi. Upimaji hukamilika pale ramani yake inapoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, na mawe ya mpaka yakiwa yamesimikwa.

Hivyo mnunuzi aulize mambo matatu kabla ya kulipa: namba ya ramani iliyoidhinishwa, mfumo uliotumika kuandika tarakimu, na mawe yenyewe yalipo. Muuzaji asiyeweza kujibu hana zaidi ya makisio ya simu.