Amepasuliwa kichwa, mbona macho bado?



Kuko swali moja ambalo mwaka huu limenifikia mara tatu, kwa watu watatu tofauti, na wote wanajua vizuri kwamba mimi nilisomea kilimo: "Walimtoa uvimbe kichwani, familia imemaliza mbuzi na shamba la mihogo, mbona macho hayajarudi?" Kwetu huku ukisha kupata lisansi unaulizwa yote, kuanzia ugonjwa wa mihogo mpaka ugonjwa wa kichwa. Basi nimesoma, nimewasumbua waganga wawili wa hopitali, na haya ndiyo niliyoelewa. Naandika kwa sababu jibu linalozunguka kijijini ni moja ya mawili: ao daktari alikula pesa bure, ao kuna mtu wa familia anamfunga mgonjwa. Hilo la pili limeshavunja nyumba za watu.

Tuanze na hili: jicho haliko linaona peke yake. Jicho linapokea mwanga tu, kuona kwenyewe kunafanyika nyuma kabisa ya ubongo, karibu na kisogo. Kati ya jicho na kisogo kuna njia ndefu. Nyuma ya kila jicho inatoka neva yenye nyuzi zaidi ya milioni moja, nyembamba sana. Neva hizo mbili zinakutana katikati ya kichwa, mahali wanapaita kiasma, na hapo nusu ya nyuzi zinavuka upande wa pili. Zinazovuka ni zile zinazobeba picha ya upande wa sikio. Baada ya hapo, kila kitu kilicho kuume kwako kinasomwa na ubongo wa kushoto, na cha kushoto kinasomwa na ubongo wa kuume. Njo kusema uvimbe unaweza kuharibu kuona bila kugusa jicho hata kidogo. Daktari anamulika jicho, linaonekana safi, lakini mtu anagonga mlango.

Chini tu ya kiasma kunakaa tezi ndogo kama punje ya maharagwe, ipofizi, ndani ya kiti chake cha mfupa. Uvimbe wa ipofizi mara nyingi si kansa. Ila unakua, unakosa nafasi, unapanda juu na kusukuma kiasma kutoka chini. Nyuzi zinazoumia kwanza ni zile zinazovuka, kwa hiyo mgonjwa anapoteza pembe za nje za macho yote mawili, sawa na mtu anayetazama ndani ya bomba. Mbele anaona vizuri, anaweza hata kukusomea Biblia. Lakini moto ikitoka pembeni haioni. Watu wanasema mzee amekuwa mlevi, ama ana majivuno, hasalimii. Yeye mwenyewe mara nyingi hajui, kwa sababu ubongo unajaza pengo kimya kimya. Mwingine anaongezewa miwani, na miwani haiwezi kusaidia neva inayokandamizwa.

Uvimbe wa namna hiyo siku hizi mara nyingi unatolewa kwa kupitia puani, bila kufungua fuvu. Taasisi ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, ni moja ya mahali penye wapasuaji wa ubongo ambapo watu wa upande wetu wa ziwa wanaweza kufika, kwa boti mpaka Kigoma kisha kwa bara. Kongo ina watu zaidi ya milioni 100 na wapasuaji wa ubongo wachache sana, na hao wachache hawako Fizi.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe.

Wagonjwa wengi waliokandamizwa kiasma wanapata nafuu ya macho baada ya operesheni. Lakini nafuu hiyo inakuja kwa vipindi. Kuna ile ya haraka, ya masaa na siku za kwanza: mtu anazinduka, anasema ukuta umekuwa mweupe zaidi. Hapo nyuzi zilikuwa zimebanwa tu, hazijafa. Kisha inafuata ya polepole, wiki mpaka miezi, neva inapojenga upya ganda lake la nje. Na bado kuna mabadiliko madogo yanayoendelea hata mwaka ama miaka miwili. Kwa hiyo mtu aliyepasuliwa mwezi uliopita hajafika mwisho wa safari, na mtu wa miaka mitatu ambaye hajabadilika tena, yaelekea pale alipo ndipo atabaki. Wachache wanatoka wakiona vibaya zaidi kuliko walivyoingia. Hilo nalo lisemwe kabla ya kuuza shamba, si baada.

Kwa nini huyu anarudi na yule harudi? Hapa kilimo kinanisaidia. Mmea ukikosa maji unanyauka mchana, jioni ukiumwagilia unasimama tena. Lakini ukiacha udongo ukauke kupita kiwango fulani, ambacho sisi tunakiita kiwango cha kunyauka kwa kudumu, unaweza kumwaga hata mto Lwama wote, hausimami. Maji si mabaya, yamechelewa. Neva ya jicho ni hivyo hivyo. Uvimbe ukiitwa mapema, nyuzi zinaamka. Ukikaa miaka, nyuzi zinakufa, na hazioti tena. Daktari wa macho akitazama ndani ya jicho kwa kifaa chake anaweza kuona kichwa cha neva: kikiwa na rangi ya waridi kuna matumaini, kikiwa cheupe kama chokaa matumaini yamepungua. Kuko pia mashine inayopima unene wa nyuzi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza jambo hilo kabla ya operesheni: "Neva yangu bado ina rangi?" Na familia inapaswa kujua kwamba wakati mwingine operesheni inafanywa kulinda kile kilichobaki, ama kuokoa uhai, bila ahadi ya kurudisha kilichokwisha kwenda. Operesheni ya namna hiyo ikimwacha mgonjwa alivyokuwa, imefaulu. Najua ni vigumu kumwambia hivyo mtu ambaye ameuza mbuzi wote.

Kuna uvimbe mwingine ambao uko mbali na kiasma, lakini unajaza kichwa. Shinikizo linapanda, neva za macho zinavimba, mtu anaona giza kwa sekunde chache akiinama ama akisimama haraka, anatapika asubuhi, anaona watu wawili badala ya mmoja. Shinikizo likishuka baada ya operesheni, uvimbe wa neva unapungua kwa wiki kadhaa. Kuona vitu viwiliviwili nako kwa kawaida kunatulia ndani ya miezi, na kwa wakati huo kufunika jicho moja kunasaidia. Ila kama neva zilishaanza kukauka, kuona kunaweza kuendelea kushuka hata kichwa kikiwa kimepona.

Na wale ambao uvimbe wao uko nyuma, karibu na kisogo, ama ndani kwenye njia yenyewe? Hapo mtu anapoteza nusu ileile ya dunia kwa macho yote mawili, labda yote ya kushoto. Pengine ni uvimbe ulioharibu, pengine kisu kililazimika kupita hapo. Nafuu ikija, sehemu kubwa inakuja miezi ya kwanza. Baada ya nusu mwaka hivi, mengi hayabadiliki. Lakini mtu anaweza kujifundisha: ageuze kichwa na macho kwa makusudi upande uliokufa, kila mara, mpaka iwe desturi. Nyumbani wanaokaa upande huo wasidhani amewachukia. Mwanafunzi aliyepoteza kushoto anapotea kila akirudi mwanzo wa mstari mpya, basi aweke rula wima pembeni ya ukurasa, arudi mpaka aione. Aliyepoteza kuume anakwama katikati ya maneno, anasoma polepole sana, na akili yake haina kasoro. Walimu wapenzi, mpeni muda kwenye mtihani. Kuendesha moto, hapana, mpaka apimwe. Na panga shambani, awe na mtu wa kumwangalilia upande huo.

Jambo ambalo huku kwetu ni la hatari kuliko yote: kuna watu ambao baada ya kupoteza kuona wanaanza kuona vitu visivyokuwepo. Mapambo ukutani, maua, watoto wadogo wamesimama kimya, nyuso. Ubongo umekosa picha, unajitengenezea. Mara nyingi mgonjwa anajua kwamba si kweli, lakini anaogopa kusema, kwa sababu akisema tu analetwa kwa watu wa maombi wa kumfungia chakula siku tatu, ama anaanza kuulizwa ni nani aliyemtuma. Maombi ni mazuri, mimi mwenyewe ninaomba. Kumnyima chakula mtu aliyetoka kupasuliwa kichwa, hapana. Amwambie daktari, kwa sababu pengine pia ni dawa ama ni kifafa, na hivyo vina tiba.

Tukitaja dawa. Aliyetolewa uvimbe wa ipofizi anaweza kurudi na vidonge vya hidrokotizoni, maana tezi yake haitengenezi tena ya kutosha. Mwingine anapewa deksametazoni kupunguza uvimbe wa ubongo. Hizi hazikatwi ghafla. Vidonge vikiisha Kilembwe wakati wa mvua, barabara ya Fizi imekatika, mtu anaweza kuanguka na kufa kwa kukosa vidonge hivyo, na kijiji kitasema operesheni ilimuua. Familia ibebe za miezi, si za wiki mbili. Upande mwingine, deksametazoni ikitumiwa muda mrefu bila kufuatwa inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, kwa hiyo si dawa ya kununua sokoni kwa sababu ilimsaidia jirani.

Pesa tunaijua. Wakenya mwaka 2015 walifungua mchango mtandaoni, #1MilliForJadudi, kumpeleka mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu India kwa operesheni ya ubongo: waliomba shilingi milioni 1, ikapatikana zaidi ya milioni 6 kwa siku chache. Sisi wahitimu tunaweza kuchanga, tumeshachanga kwa misiba. Lakini msiba unachangiwa upesi, na macho yanaendelea kukauka wakati tunangoja.

Kipimo kimoja hakitaki pesa. Keti uso kwa uso na mgonjwa, mita moja kati yenu. Yeye afunike jicho la kushoto, wewe funika la kuume. Atazame jicho lako lililo wazi, asiliache. Leta kidole kinachotikisika kutoka pembe nne, juu na chini, kuume na kushoto, katikati yenu. Mahali wewe unakiona na yeye hakioni, andika. Badilisheni jicho. Pembe za nje zikikosekana kwa macho yote mawili, ama nusu ileile kwa yote mawili, usimpeleke kwa muuza miwani. Apelekwe kwa daktari wa macho, akiwa na karatasi yako mkononi, na amuulize kuhusu skana ama IRM ya kichwa.

Na kwa aliyekwisha kupasuliwa: kuona kukishuka kwa masaa, ama kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, ama maji meupe kutiririka puani, ama homa na shingo kukaza, ama kukojoa na kiu isiyokwisha, hiyo ni safari ya usiku huohuo, hata kwa tipoyi. Karatasi za vipimo vya macho vya kabla ya operesheni zipigwe picha kwenye simu mbili, maana zile zenyewe zinalowa kwenye boti, na bila hizo hakuna mtu wa kukwambia kama mzee amesonga mbele ama amerudi nyuma.