KUUSOMA MWILI KATIKA PICHA YA EKSIREI

Watu wengi wa Migori na Homa Bay wamekwisha kupigwa picha ya eksirei, lakini si wote waliopata kuelezwa yaliyoonekana ndani yake. Yafaa mambo hayo yajulikane, kwa kuwa mtu aujuaye mwili wake hakawii kutafuta matibabu.

Mionzi hiyo iligunduliwa na Wilhelm Röntgen, mtaalamu wa Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895. Mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mkewe, na mifupa ikaonekana dhahiri pamoja na pete iliyokuwa kidoleni.

Kanuni yake ni nyepesi. Mionzi hupita katika hewa bila kizuizi, hupungua katika nyama na damu, na huzuiliwa sana na mfupa. Kwa hiyo hewa huonekana nyeusi, nyama huwa ya kijivu, na mfupa huwa mweupe.

Mwanafunzi wa udaktari aonyeshwapo picha ya kifua, hufundishwa kwanza kwamba upande wa kushoto wa picha ni upande wa kuume wa mgonjwa, kama watu wawili wanaotazamana. Kisha huhesabu mbavu, ambazo kwa kawaida ni jozi 12. Hutazama mapafu, meusi kwa kujaa hewa, na moyo ulioelekea kushoto. Chini ya mapafu upo msuli mpana utenganishao kifua na tumbo. Upande wake wa kuume umeinuka zaidi, kwa sababu ini limekaa chini yake. Aijuaye hali ya uzima ndiye awezaye kuutambua ugonjwa.

Hapo ndipo faida ionekanapo. Huko Migori wako wachimbaji wa dhahabu. Vumbi la mawe likivutwa kwa miaka mingi huacha makovu mapafuni, nayo huonekana kama madoa meupe. Kifua kikuu nacho huacha madoa, tena huwapata kwa urahisi zaidi wale waliokwisha kudhuriwa na vumbi. Basi picha peke yake haitoshi. Hapana budi makohozi nayo yapimwe. Mchimbaji akohoaye kwa majuma mawili asingoje mpaka ateme damu.

Kando ya ziwa, kichocho cha matumbo huliharibu ini polepole. Eksirei haionyeshi vema madhara hayo, kwa hiyo hutumiwa mashine ya mawimbi ya sauti isiyosikika kwa sikio. Sauti hiyo huingia mwilini na kurudi, kama mwangwi urudivyo kutoka vilima vya Gwassi, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Kwa kuwa haina mionzi ya eksirei, hutumiwa pia kumtazama mtoto tumboni mwa mamaye. Mwanamke mwenye mimba aambiwapo apigwe eksirei, na amjulishe daktari hali yake kwanza.

Picha haiponyi mtu. Humwonyesha daktari pa kuanzia. Mgonjwa naye asione haya kuuliza: “Hapa pameonekana nini?” Swali hilo ni haki yake.