Sidiria isiyotoshea chanzo cha maumivu ya mabega

WANAWAKE wengi hununua sidiria za mitumba katika masoko kama vile Gikomba jijini Nairobi kwa kukadiria kwa macho tu. Baadhi yao hujiletea maumivu ya mabega, shingo na mgongo, hasa wenye matiti makubwa.

Uzito wa matiti wapaswa kubebwa na mkanda unaozunguka kifua, wala si kamba za mabegani. Mkanda ukilegea hupanda mgongoni, nazo kamba hukata mabega.

Mnunuzi ajipime kwanza chini ya matiti kwa utepe wa fundi cherehani. Mkanda ufaao hutulia bila kupanda, na vidole viwili hupenya chini yake.

Anayenyonyesha ajipime upya, kwani sidiria inayobana huweza kuzuia maziwa kutiririka na kusababisha uvimbe.