Kikohozi Kisichoisha: Fahamu Magonjwa Sugu ya Kuziba Njia za Hewa

Mama uliyepikia kuni tangu utotoni unaweza kuona kikohozi cha kila asubuhi ni kitu cha kawaida. Mbinga kuna baridi, watu hufunga milango na kuota moto ndani. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wapo wanaokausha samaki kwa moshi. Moshi huo, kama ule wa sigara, huharibu mapafu polepole kwa miaka mingi.

Ni ugonjwa gani?
Ni hali ya njia za hewa kuwa nyembamba na kutofunguka tena kikamilifu, hata kwa dawa. Hauambukizi. Una sura mbili, na mtu anaweza kuwa nazo zote:

- Mkamba sugu: njia za hewa huvimba na kujaa makohozi. Mgonjwa hukohoa makohozi kwa angalau miezi 3 kwa mwaka, miaka 2 mfululizo.
- Kuharibika kwa vifuko vya hewa: kuta za vifuko vidogo ndani ya mapafu hubomoka. Mgonjwa huishiwa pumzi akipanda mlima au akibeba ndoo.

Tofauti na pumu na kifua kikuu
Pumu mara nyingi huanza utotoni, huja na kupoa. Kifua kikuu huambukiza na hutibika. Kwa hiyo, ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda zahanati upimwe makohozi kwanza.

Hupimwaje?
Hospitalini mgonjwa hupuliza kwa nguvu kwenye kifaa maalumu. Hewa anayoitoa katika sekunde 1 hulinganishwa na ya mtu mwenye afya wa umri, kimo na jinsia yake:

- Asilimia 80 au zaidi: hatua ya 1, nafuu
- 50 hadi 79: hatua ya 2, wastani
- 30 hadi 49: hatua ya 3, kali
- Chini ya 30: hatua ya 4, kali sana

Ufanye nini?
Mapafu yaliyoharibika hayarudi kama zamani, lakini dawa za kuvuta hupunguza dalili, na kuepuka moshi huzuia madhara zaidi. Pikia nje au penye dirisha, tumia kuni zilizokauka, na usimbebe mtoto mgongoni unapopika. Moshi humwongezea hatari ya nimonia.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikabadilika kuwa ya bluu, au akachanganyikiwa, mpeleke hospitali mara moja.