Kijenzi, Kipuri na Kifuasi: Istilahi za Forodha katika Vifaa vya Tiba

Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wafasiri wamekabiliwa na maandiko ambayo zamani yalisomwa na wataalamu wachache tu. Mojawapo ni jedwali la ushuru wa forodha. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache za jedwali hilo zinazohusu vijenzi vya vifaa vya tiba viingiavyo kutoka nchi za nje, kwa kuwa hapo ndipo neno moja lililoteuliwa vibaya huweza kuhamisha mzigo kutoka kiwango kimoja cha ushuru hadi kingine.

Jedwali la Jumuiya ya Afrika Mashariki limejengwa juu ya Mfumo Uwianifu, ambao mkataba wake ulipitishwa Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Mfumo huo unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Kila bidhaa hupewa namba ya tarakimu 6, na Jumuiya yetu huongeza 2. Viwango vikuu vya ushuru wa pamoja vilivyoanza mwaka 2005 vilikuwa sifuri, asilimia 10 na asilimia 25. Kiwango cha asilimia 35 kiliongezwa Julai 2022. Vifaa vya tiba vimo zaidi katika Sura ya 90: ala za matabibu katika kichwa 90.18, mashine za kusaidia kupumua katika 90.19, viungo bandia katika 90.21, na mitambo ya eksirei katika 90.22.

Tatizo la kwanza ni neno “sehemu”. Katika sheria zetu “Sehemu” ni mgawanyo wa sheria yenyewe. Mfasiri akilitumia tena kwa migawanyo mikuu 21 ya jedwali, kisha kwa viungo vya mashine, atajikuta ameandika “sehemu za mashine za Sehemu ya 16”, na msomaji atasimama njiani. Twapendekeza migawanyo hiyo mikuu iitwe mafungu, na kiungo cha mashine kiitwe kijenzi.

Wapo watakaouliza, kwa nini isiwe “kipuri”, neno ambalo kila fundi analijua? Jibu letu ni kwamba kipuri ni kijenzi kilichowekwa akiba ili kichukue nafasi ya kile kitakachoharibika. Jina hilo laeleza kusudi la mnunuzi, wala halielezi aina ya kitu. Kijenzi kilekile kikiagizwa na kiwanda kwa ajili ya kuunda mashine mpya si kipuri, ilhali forodha hukiweka mahali palepale. Tafsiri isemayo “vipuri vya vifaa vya tiba” itawaacha nje waundaji wa mashine, nao ndio wanaohitaji jedwali hili kuliko wengine.

Kifuasi ni jambo jingine. Mashine yaweza kufanya kazi bila kifuasi. Kazi yake ni kuifaa mashine kwa shughuli maalumu, kuiongezea uwezo, au kutoa huduma fulani inayohusiana na kazi yake kuu. Kijenzi kikikosekana, mashine haifanyi kazi yake.

Uzito wa tofauti hizi ulionekana katika shauri lililotoka Denmark na kuamuliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2011. Mzozo ulihusu mifuko ya plastiki: mmoja wa kupokea mkojo kutoka katika katheta, mwingine wa kupokea maji yatokayo katika figo bandia. Mifuko hiyo ilibuniwa mahsusi, na haikuweza kutumika na kitu kingine. Msomaji wa kawaida angesema imo 90.18 pamoja na vifaa vyake. Mahakama haikukubali. Katheta hufanya kazi yake mfuko uwepo usiwepo, kwa hiyo mfuko si kijenzi. Wala hauiongezei katheta uwezo, kwa hiyo si kifuasi. Ukawekwa 39.26, miongoni mwa bidhaa za plastiki. Mfasiri aliyeandika “vitu vinavyotumika pamoja na kifaa” angekuwa ametoa hukumu tofauti na ile ya mahakama.

Tuje sasa kwenye Maelezo ya 2 ya Sura ya 90, ambayo mpangilio wake haufai kuvurugwa. Kwanza, kijenzi ambacho chenyewe ni bidhaa iliyotajwa katika Sura ya 84, 85, 90 au 91 hubaki katika kichwa chake, ukiondoa vichwa vichache vya masalio. Basi mota ya mashine ya kusaidia kupumua huenda 85.01, hata ikiwa hospitali imeiagiza kwa ajili ya mashine hiyo tu. Pili, vijenzi na vifuasi vingine, ikiwa vyafaa kutumiwa na mashine ya aina fulani pekee au hasa, huwekwa pamoja na mashine hiyo. Kasha lililofinyangwa kwa umbo lake ni mfano. Vilivyosalia huenda 90.33. Parafujo ya chuma haifiki hata huko, kwa sababu Maelezo ya 1 yameitoa katika Sura nzima.

Wafasiri waangalie kitenzi: ni “kinachofaa kutumiwa”, si “kinachotumiwa”. Cha kwanza huangalia umbile la kitu kinapofika bandarini. Cha pili humpa kila mwagizaji nafasi ya kujisemea. Vilevile “au hasa” yasiachwe kwa kudhaniwa kuwa ni mapambo ya usemi. Yakiondolewa, kijenzi chenye matumizi mengine madogo madogo hupoteza nafasi yake.

Yamebaki majina ya wodini, nayo yana hila. Wauguzi husema “mpira wa mkojo”, ingawa huenda umetengenezwa kwa plastiki. Karani akiona “mpira” katika ankara hukimbilia Sura ya 40, na hali katheta imetajwa kwa jina katika 90.18. “Bomba” ni gumu zaidi: bomba la sindano limo 90.18, bomba la kuvuta maji limo 84.13, na bomba la kupitishia maji, likiwa la plastiki, limo 39.17. Hata sindano ya kushonea jeraha na ya kushonea nguo kwa mkono haziko pamoja. Ya pili imo 73.19. Kwa hati za forodha twapendekeza “katheta”, “bomba la sindano” kwa ukamilifu wake, “pampu” na “neli”, na wodini kila mtu aendelee kusema alivyozoea.

Kuhusu tarakimu zinazofuata kichwa, “kichwa kidogo” kinatosha. “Kijichwa” kimependekezwa pia, lakini hatudhani kuna ofisa atakayekitamka mbele ya mwagizaji bila kucheka.