Programu za Kujitengenezea Kando ya Mto Tana

Mapigano ya Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji, katika delta ya Tana nchini Kenya, kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, yaliua zaidi ya watu 100. Ugomvi ulikuwa wa malisho, mashamba na njia za mifugo kwenda mtoni, lakini uvumi uliuongezea kasi: ukisikia majirani wanakusanya silaha na huna wa kumwuliza, utajihami mapema, nao wakikuona unajihami wataamini waliyoyasikia juu yako. Ndipo shirika la Sentinel Project la Kanada lilipoanzisha Una Hakika, huduma iliyotumia programu ya WikiRumours. Mwananchi alituma SMS kwa simu yoyote, hata ile ndogo isiyo na intaneti. Uvumi ukaandikwa pamoja na mahali ulikosikika. Wahudumu na mabalozi wa vijijini wakauchunguza kwa watu wanaoaminika. Kisha jibu likarudishwa kwa wakazi wa eneo husika. Programu yenyewe ilikuwa kama daftari tu. Nguvu yake, kwa maoni yangu, ilitokana na kujibu swali moja ambalo wenyeji walikuwa nalo tayari.

Wapo watakaosema kutengeneza programu kama hiyo ni kazi ya wahandisi wa Nairobi. Lakini Ushahidi, ramani ya mtandaoni ya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, iliundwa Januari 2008 na watu wachache kwa siku chache, na leo kazi imekuwa nyepesi zaidi. Kwa KoboToolbox mtu hutengeneza fomu bila kuandika msimbo, na simu huhifadhi majibu hadi mtandao upatikane. Chukua mafuriko: maji yakifurika kwenye mabwawa ya juu hupita Garissa kabla ya kufika Garsen. Msomaji mmoja wa kipimo cha maji huko Garissa, fomu yenye tarehe, saa na kina cha maji, na orodha ya namba za wazee wa vijiji vya chini, vinatosha kumpa mkulima muda wa kuokoa mavuno na mfugaji wa kuhamisha ng'ombe. Rekodi hizohizo zikitunzwa miaka kadhaa, wenyeji watakuwa na ushahidi wao wa kupeleka kaunti.

Pingamizi zito ni la usalama. Orodha ya nani aliripoti nini, ikiangukia mikono mibaya, inaweza kuua. Nakubali, na ndiyo maana fomu ya uvumi isiulize jina wala kabila, namba za simu zihifadhiwe kando, na anayezishika achaguliwe na pande zote mbili kabla ya ujumbe wa kwanza kupokelewa.