Fahamu: Kwa nini anga la juu la majangwa ni kavu, lakini si kila mahali

Picha za mvuke wa maji kutoka setilaiti za Meteosat huonyesha mikanda miwili myeusi, kaskazini na kusini mwa ikweta. Weusi huo ni ukavu wa hewa iliyo juu, kilomita 5 hadi 10 hivi.

Chanzo kiko ikweta. Hewa yenye joto hupanda, hupoa, na unyevu wake hunyesha kama mvua. Hewa iliyobaki husafiri na kushuka karibu na latitudo ya digrii 30, ikiwa imekwisha kukamuliwa. Sahara na Kalahari ziko chini yake.

Lakini mikanda hiyo haina ukavu ulio sawa, na hili linastahili kutazamwa kwa makini. Julai na Agosti, monsuni ya Asia hupandisha mvuke mwingi juu ya kaskazini mwa India na Tibet. Wakati huohuo, katika latitudo zinazokaribiana, anga la mashariki mwa Mediterania hukauka kwa kuwa huko hewa inashuka.

Ukavu huo una umuhimu, kwa kuwa mvuke hunasa joto la dunia. Penye hewa kavu, joto hutoroka kwa urahisi kwenda nje ya angahewa. Mvuke ukiongezeka hata kidogo hapo, joto linalotoka hupungua.